Mshindi wa Jumamosi

Mdogo wangu alikuwa fundi pikipiki pale mtaa wa Chuno. Hakuwa na gereji. Alifanyia kazi chini ya mabati aliyoyaegemeza ubavuni mwa nyumba ya mama, na aliyemtaka alifuata tu harufu ya petroli. Mimi wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye gari la sinema la serikali. Tulizunguka vijijini tukitundika shuka jeupe na kuwaonyesha watu filamu za kupalilia mikorosho na kuchimba vyoo. Kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kidogo kushika kamera, mkubwa wangu wa kazi aliniambia, mwaka ule wa mashindano ya pikipiki na magari, kwamba filamu ya mashindano hayo nitaitengeneza mimi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya siku mbili: Jumamosi pikipiki, kwenye uwanja wa ndege, Jumapili magari, kutoka mjini hadi Nanyamba na kurudi. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vikiendelea, na wapo waliosema huu si wakati wa kuchezea petroli. Lakini wakubwa walitaka watu wachangamke. Walitaka filamu fupi, yenye yale matamu tu ya siku zote mbili, ifike hadi vijiji vya mpakani.

Kamera yangu ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya mezani. Ukishaujaza, unapata picha ya muda mfupi, kisha inakata pumzi. Filamu niliyopewa nayo ilikuwa haba, kwa hiyo Jumamosi ile sikupiga ovyo. Nilichukua bendera ikishuka, nikachukua vumbi, nikachukua kina mama wa Rahaleo waliojiziba pua kwa khanga na bado hawataki kuondoka. Zaidi nilimchukua mdogo wangu, maana ndiye aliyekuwa mbele, na kamera humfuata anayeongoza. Alipomaliza alivua kofia, akaja moja kwa moja hadi nilipo, uso wote udongo, akacheka mbele ya lenzi.

"Kaka," alisema, "mama naye ataniona humu?"

Nikamwambia ataona. Mama hakuwapo uwanjani. Hakupenda kelele za pikipiki, na picha za watu hakuzitaka nyumbani kwake. Kikombe alichopewa mdogo wangu na mgeni rasmi, hata hivyo, alikipokea kwa mikono miwili akakiweka juu ya kabati la vyombo, na jirani yeyote aliyepita alioneshwa.

Jumapili mfanyabiashara mmoja alimwomba mdogo wangu akae naye garini kama fundi wa njiani. Mimi nilikuwa mahali pa kumalizia, barabara ya kuingilia mjini, ufunguo wa kamera umejaa. Gari la kwanza likaja, nikalichukua. La pili likaja. Watu wakaanza kutawanyika wakilalamikia jua lile na kiu ile. Halafu likaja lori lililotoka upande wa Nanyamba, likienda polepole mno kwa lori tupu, na dereva akashuka akauliza ndugu wa yule fundi ni nani. Gari lilikuwa limepinduka kwenye mchanga. Mwenye gari alivunjika mkono. Mdogo wangu walikuwa wamemlaza humo lorini, wamemfunika turubai.

Tulimzika Jumatatu.

Filamu zilipelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko zikasafirishwa nje kwenda kusafishwa. Zilikaa muda mrefu hata nikaanza kuomba zisirudi. Zilirudi. Niliziweka kwenye kile chombo kidogo cha kutazamia, nikazungusha mkono wa mashine, na mdogo wangu akanijia akicheka, hana sauti. Nilirudisha nyuma. Akanijia tena.

Mkubwa wangu alikuja kutazama. Hakuwa mtu mbaya, na msibani alikaa nasi jamvini. Aliangalia hadi mwisho, akavua miwani.

"Ndugu, pole tena," alisema. "Lakini hii ni filamu ya furaha. Marehemu kila atakapoonekana, watu watauliza alikufaje. Mtoe."

Nilimuuliza mashindano ya Jumamosi yatakuwa na mshindi gani. Akasema yule wa pili anatosha, alikuwa nyuma yake kidogo tu. Mgeni rasmi angekuja mjini kwa mkutano juma lile, kwa hiyo tungepiga upya picha ya kukabidhi kikombe. Kikombe kingine hakikuwapo. Ingebidi kile kilichoko nyumbani kiazimwe.

Nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza mama jambo lote, sikumficha kitu. Akakishusha kikombe kabatini, akakifuta kwa pindo la khanga, akanipa.

"Kitarudi?" aliuliza.

Hakikurudi. Yule kijana wa pili alikabidhiwa mbele za watu, akapigiwa makofi, na hakuna aliyemwambia kwamba ni picha tu. Akaenda nacho kwao. Nilitaka kumfuata. Mama akanikataza, alisema aibu ya kumnyang'anya mtoto wa mtu hataiweza juu ya haya mengine.

Kazi ya kukata niliifanya kwa mkasi na gundi, peke yangu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeijua. Kila mdogo wangu alipotokea, nilikata, nikaunga vumbi na vumbi. Vipande vyake nilivikusanya kwenye kopo la biskuti. Filamu ilipotiwa sauti ya mtangazaji ikawa nzuri, kila mtu alisema hivyo. Niliipeleka Nanyamba, nikaipeleka vijiji vya kando ya Ruvuma ambako watu walikuwa na majonzi yao wenyewe, na huko walishangilia wakaomba irudiwe. Nikairudia. Mzee mmoja, ambaye siku ile alikuwapo uwanja wa ndege, alikuja kando ya mashine akaniambia aliyeshinda hamwoni. Nilimwambia hata mimi simwoni.

Mama sikumshurutisha kutazama. Niliviunga vile vipande vikawa mkanda mmoja mfupi, nikangoja. Masika ikapita, na nyingine ikapita. Siku moja mchana, nikiwa nimemletea samaki, aliniambia bila kuniangalia kwamba anataka kumwona mwanawe anavyotembea.

Niliazima mashine kazini siku hiyo hiyo. Nilipofungua kopo, mkanda ulikuwa umeota ukungu mweupe kama makopa ya muhogo yaliyonyeshewa. Nilijaribu kuupangusa kwa pamba, na picha yenyewe ikaanza kutoka na pamba. Nikaacha. Nilifunga madirisha, nikatundika shuka ukutani, mama akaketi mkekani, nikawasha.

Mdogo wangu alikuja akitembea. Mabega yalikuwa yake, na ile mikono aliyoiachanisha na mwili kama mtu aliyeloa. Lakini usoni yalikuwa mabaka tu, yanatambaa na kupanuka kila alipotusogelea.

"Ana nini usoni?" mama aliuliza.

"Ni ukungu, mama. Uko kwenye filamu. Si yeye."

Alitazama kidogo tena.

"Mwanangu anaoza," alisema. "Zima."

Nilizima. Nilifungua madirisha, na nilipogeuka alikuwa ameshatoka uani, anapara samaki niliomletea, magamba yanamrukia mikononi. Nilikaa naye hadi alasiri.

Filamu ile nyingine haikuota ukungu, kwa kuwa haikupumzika. Niliendelea kuionyesha, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa. Na gari letu la sinema lilipopita Chuno likitangaza kwa kipaza sauti, mlango wa nyumba ya mama nilikuwa naukuta umefungwa.