Kimau cha Saizi Moja

Nguo zilizoshonwa tayari zina dharau. Unazivaa dukani, nazo zinakuambia mbele ya kioo kwamba mabega yako ni makosa, kifua chako ni makosa, na mikono uliyozaliwa nayo ilitakiwa iwe ya mtu mwingine. Nimegombana nazo maisha yangu yote. Sketi ikipita nyongani inapwaya kiunoni, gauni likinikaa kifuani linaninyonga makwapani. Lakini ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kimau kimoja cha kijani, ambacho kilikaribia kunitoa kwenye tufo la harusi ya binti yangu wa kumzaa.

Kimau ni blauzi yetu ya pwani, inayovaliwa juu ya leso, yaani kanga. Sisi wanawake wa tufo tunavaa sare: kimau kimoja, leso moja, safu moja. Tufo ni ngoma inayochezwa kwa magoti. Tunapiga magoti mkekani bega kwa bega, wanaume wanapiga matari, na sisi tunaimba huku kazi yote ikifanywa na mabega na mikono. Mwanamke wa tufo asiyeweza kuinua mikono hana alichokuja kufanya pale.

Kabla vita havijafika Palma, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, tulikuwa na fundi wetu wa kushona. Mkewe ndiye aliyekuwa akitupima, na alitupima tukiwa tumepiga magoti, mikono juu, huku akitutania kwa makwapa yetu. Tulipokimbia na wao walikimbia, na sisi tuliporudi wao walibaki Pemba, ile ya huku Msumbiji. Basi binti yangu alipopata mchumba kutoka kijiji cha Kionga na harusi ikapangwa, dada yangu mkubwa, ambaye ndiye kiongozi wa tufo letu, aliagiza vimau vilivyoshonwa tayari. Vikaja ndani ya gunia kwa lori, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni.

Tulivijaribu chumbani kwa dada. Mmoja mmoja tulisimama mbele ya kioo chake, mikono imening'inia, tukajigeuza huku na huku. Wembamba walipendeza. Wengine walipwaya, wakatafuta pini. Mimi nilivuta pumzi, nikafunga vifungo, na kwa jinsi nilivyosimama ungesema kimenikaa. Dada alikuwa wa mwisho, lakini chake alikikunja akakirudisha mfukoni, akasema atakijaribu kwa nafasi yake.

Hapo ndipo nilipoinua mikono. Ilifika usawa wa mabega ikagoma. Kimau kizima kilipanda, tumbo likabaki nje, na kifungo cha katikati kikaruka hadi uvunguni mwa kitanda. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

"Dada, hiki hakipandi," nilisema. "Tutachezaje?"

"Soma hapo shingoni. *Tamanho único*. Saizi moja, inamtosha kila mtu."

"Aliyeandika hivyo hajaiona mikono yangu."

"Basi punguza ugali, mdogo wangu. Siku zipo."

Damu ilinipanda. Nilimwambia kwamba mikono hii sikuipata kwenye ugali, ni ya mama yetu, na yeye anayo hiyo hiyo. Nikamwambia nitakipasua makwapani nitie vipande. Dada alizikunja nailoni zote kwanza, polepole, ndipo akanitazama.

"Sikiliza. Hakuna mkasi utakaogusa vimau hivi. Atakayeweka kiraka atakaa na wageni, hata akiwa mama wa bibi harusi. Prontu, mambo yameisha."

Sote tulijua neno kiraka linatoka wapi. Kule tulikokimbilia tulivaa tulichogawiwa kutoka kwenye marobota ya kalamidade, yaani mitumba ya msaada. Dada yangu, mwanamke aliyekuwa akipita sokoni watu wakigeuka kumtazama leso yake, alikaa kule na koti la kiume lenye viraka viwili mgongoni, na kuna mtu aliwahi kumwita mzee kwa nyuma akidhani ni mwanamume. Aligeuka, yule mtu akaomba radhi. Siku iliyofuata dada alisema kwamba tufo letu likikaa tena mkekani litakaa na nguo mpya, zinazofanana, zisizo na kiraka hata kimoja. Harusi hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa tena.

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukupanua kimau.

Nilikiloweka, nikakivalisha mtungi kikiwa kibichi ili kitanuke. Kilikauka vile vile. Nilifumua mshono wa ubavuni, nikakuta ndani hakuna akiba ya kitambaa hata ya kushika sindano, maana watu hawa wa kiwandani wanakata nguo kwa uchoyo. Mazoezini tulivaa nguo zetu za kawaida ili mpya zisichafuke, kwa hiyo mikono ilipanda vizuri na dada akaridhika. Mimi peke yangu, nilidhani, nilikuwa nikihesabu siku kwa hofu.

Binti yangu alinikuta uani nikihangaika nacho, mikono imekwama kichwani, siwezi kukivaa wala kukivua. Alinivua kwanza, ndipo akaketi.

"Mama, usigombane na mama mkubwa siku yangu."

"Sigombani na mtu. Nagombana na nguo."

"Basi vaa tu uimbe. Usiinue sana."

"Nikuoze nikiwa nimefunga mikono kama kuku wa mnadani?"

Alianza kulia. Alisema anataka kutuona sote wawili pale mbele, mimi na mama yake mkubwa, kama alivyokuwa akituona alipokuwa mdogo, na kwamba hajali tumevaa nini. Nilimfuta machozi, nikamwahidi nitakaa kwenye safu. Alipoondoka nikachukua mkasi.

Nilichokuwa nacho ndani ni leso nyekundu ya mama yetu, iliyochakaa, ambayo nilikimbia nayo imefungwa kiunoni. Kijani sikuwa nacho. Nikapasua makwapa yote mawili na kushonea vipande vya ile leso, kwa mkono, mshono mdogo mdogo. Mikono ikipumzika hakuna atakayeona kitu. Ikiinuka, kila mtu ataona. Nilikivaa, nikainua mikono hadi juu kabisa, nikashusha, nikainua tena. Nilifurahi na kuogopa.

Siku ya harusi uwanja ulijaa. Wageni wa Kionga walipewa mikeka ya mbele. Tulipiga magoti, nyuso zetu zimepakwa msiro, ule unga mweupe wa mti wa kurembea uso, dada katikati na mimi mkono wake wa kulia. Alinikagua toka shingoni hadi pindoni. Nilibana viwiko.

"Kimekukaa," alisema.

"Ndiyo, dada."

Wimbo wa kwanza ni wa salamu, mikono inacheza magotini. Ulipita. Wa pili ndio wenyewe: mikono inapanda usawa wa uso, halafu juu ya kichwa, inageuka pamoja. Safu haitazami matari, inamtazama kiongozi. Dada akianza, tunaanza. Akiishia mahali, tunaishia hapo hapo.

Dada aliishia mabegani.

Nilidhani amesahau. Mzunguko wa pili ukaja, viganja vyake vikafika mabegani vikakwama, vikashuka, na safu nzima ikashuka naye. Nyuma ya mikeka ya Kionga mwanamke mmoja alisema, bila hata kupunguza sauti, "Hili tufo au wanafukuza nzi?" Wenzake wakacheka. Binti yangu alikuwa mlangoni, shela imefunuliwa kidogo, anatutazama.

Nikamgeukia dada kwa jicho. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye msiro wake. Kitambaa kilikuwa kimemkaza mikononi hadi nyama imetokeza chini ya mshono. Ndipo nilipoelewa kwamba alikijaribu kwa nafasi yake kama alivyosema, na kwamba alijua siku zote, na kwamba angekufa pale mkekani kabla ya kutia kiraka. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa pamoja.

Mzunguko wa tatu ulikuwa unakuja. Ningebana, tungemaliza wimbo kwa aibu yetu sote. Ningeinua, ningemvunjia amri yake mbele ya wakwe, na ana haki ya kuninyanyua kwenye mkeka ule huku mwanangu akiona. Maneno ya wimbo yakanipotea.

Niliinua.

Mikono yangu ilipanda peke yake, hadi juu, na makwapa mekundu yakawa nje. Dada aliacha kuimba. Matari hayakusimama, lakini sauti yake ilikatika, na aligeuka akatazama ile nyekundu. Aliijua leso. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyofaa mtu aliye mbele ya wageni. Nilingoja aniambie niondoke.

Akashika wimbo palepale ulipokuwa umefika, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na mikono yake ikaanza kupanda. Mshono wa kulia ukafumuka kwanza, niliusikia kupitia matari yote, halafu wa kushoto. Hakupunguza. Viganja vyake vilifika juu ya kichwa, vikageuka, na safu nzima ikapanda nyuma yake. Binti yangu alipiga kigelegele, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

Wimbo ulipokwisha wageni walipewa sharubati, na dada akanivuta kwa leso hadi chumbani. Akafunga mlango. Alisimama mbele yangu, nyuzi zinaning'inia, ngozi nje, msiro umechuruzika hadi shingoni. Nilitayarisha maneno yangu yote ya kujitetea.

Alipiga magoti sakafuni, akainua mkono wa kulia hadi juu.

"Ile leso ya mama," alisema, "ulibakiza kipande?"