Elki Aliye Hai

Mwenye bucha wa mji wetu mdogo jimboni Montana, Marekani, amewakatia wawindaji nyama ya elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, kwa miaka ishirini na tisa, na yeye mwenyewe hajawahi kuwinda. Mwaka huu amepata kibali. Kila akifunga duka hutandaza ramani juu ya meza ya nyama, akiifuata milima kwa kidole chenye kovu, kisha hupanda kilima na mfuko mzito wa chumvi mgongoni, ili azoee kubeba nyama.

Jana Delbert, mwindaji wa siku nyingi, alimtania: "Dada, elki unamjua mpaka mifupa. Unahangaikia nini?"

"Namjua akishakufa," alijibu taratibu. "Hebu niambie, akiwa hai anatembeaje?"

Delbert akavua kofia, akainua shingo, akatembea polepole mbele ya friji.

Mama yule hakucheka. Alitazama miguu.