Hasira za Mwalimu Taratibu

Ukikutana na Mwalimu Taratibu kwa mara ya kwanza, kitakachokushangaza ni sauti yake. Kadiri anavyoudhika ndivyo inavyoshuka. Mzazi akimchelewesha mtoto, anamsemesha kwa upole. Mtu akichukua chaki zake bila kuomba, anamsemesha kwa upole zaidi. Siku fundi wa paa alipoacha misumari imetapakaa kwenye njia ambayo baadhi ya wanafunzi wake hutambaa, alimnong'oneza tu, na fundi yule mwenye kifua kipana akaokota msumari mmoja mmoja huku jasho linamtoka.

Watoto ndio waliompa jina hilo, wakidhani amezaliwa hivyo. Wapi! Kwao walikuwa wawili, yeye na kaka yake, na walipogombana majirani walizima redio ili wasipitwe na neno.

Sauti yake aliizika mwenyewe alipotoka hospitali. Miaka michache iliyopita aliugua ugonjwa wa akili, akalazwa, akatibiwa, akarudi kazini na barua ya daktari kwamba yuko tayari kufundisha na anaendelea na dawa zake. Shule ilimpokea kwa makofi. Mwalimu mkuu alitoa hotuba fupi kuhusu upendo. Juma lilelile mwalimu akagundua kwamba darasa lake la watoto wenye ulemavu limehamishiwa chumba cha nyuma, ubavuni mwa stoo ya mafagio. Akaenda kulalamika. Mkuu akamsikiliza, akainamisha kichwa kwa huruma, akauliza:

"Mwalimu, leo umekunywa dawa?"

Tangu hapo swali hilo likawa jibu la kila kitu. Akidai madawati: umekunywa dawa? Akisema bomba la choo linavuja: umelala vizuri lakini? Wenzake wana ruhusa ya kukasirika. Mwalimu wa hesabu hurusha madaftari dirishani, na watu husema ana msimamo. Mwalimu wa michezo aliwahi kuupiga teke mlango uliogoma kufunguka, ukang'oka bawaba, ikawa kichekesho cha mwaka mzima. Yeye akikohoa kwa nguvu, watu wanatazamana. Hata chai kwenye chumba cha walimu, wengine wananywea vikombe vya udongo, yeye anapewa cha plastiki. Alipouliza sababu, mpishi alitazama dari, akasema, "Hicho ni chepesi, mwalimu. Hakichoshi mkono."

Basi akajikaza kisabuni, akayameza yote.

Ila mwaka huu kulikuwa na jambo moja lililokataa kumezeka, nalo ni la Dereva. Dereva ni msichana anayetumia kiti cha magurudumu, na jina hilo amejipa mwenyewe, maana hukikimbiza kiti chake koridoni akipiga honi kwa mdomo. Ameshamaliza vitabu vyote vya chumba cha nyuma. Sasa anawasomea wenzake, anawakosoa, na mwalimu akigeuka kuandika ubaoni anamkosoa na yeye. Muhula ujao anastahili kuingia darasa la nne pamoja na watoto wa rika lake. Kikwazo ni kimoja: mlango wa darasa la nne una ngazi. Mlango wa darasa la pili hauna. Madarasa mawili yakibadilishana vyumba asubuhi moja, habari imekwisha. Mwalimu Taratibu alilisema hilo kwa upole mwaka mzima, mpaka upole wenyewe ukaanza kumkera.

Jumatatu ya juma la mwisho la muhula akaja mtafiti kutoka chuoni, binti mwenye miwani na mkoba uliojaa madodoso. Alikuwa akichunguza unyanyapaa wa ugonjwa wa akili na elimu ya watoto wenye ulemavu, akawagawia walimu karatasi, kila mtu na yake.

"Hili la saba," mwalimu wa michezo akauliza, "'Je, uko tayari kufanya kazi na mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili?' Tunajibuje?"

"Ndiyo," akasema mkuu. "Wote ndiyo. Tusiiaibishe shule."

"Samahani, mzee," mtafiti akasema, "kila mtu ajibu kwa moyo wake."

"Mioyo yetu yote inasema ndiyo, binti. Andikeni."

Wakaandika. Mwalimu Taratibu, aliyekaa katikati yao na kikombe chake cha plastiki, akaandika pia. Mtafiti akageukia upande wa pili wa utafiti wake: je, kuna mtoto kutoka chumba cha nyuma anayehamia darasa la kawaida?

"Yupo mmoja," mkuu akajibu kwa fahari. "Hodari sana. Lakini tumeona kwa faida yake abaki palepale mwaka mmoja zaidi. Jamii haijawa tayari."

"Jamii gani?" Mwalimu Taratibu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwalimu, tutaongea baadaye. Leo umekunywa—"

"NIMEKUNYWA!"

Vijiko vikasimama ndani ya vikombe.

"Nimekunywa leo, nimekunywa jana, na kesho nitakunywa! Ngazi ziko mlangoni, haziko kwa mtoto! Badilisheni vyumba! Kuna ugumu gani hapo?"

Mkuu alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati. Mwalimu wa michezo, yule mpiga milango, alichomoka nje na simu sikioni, na maneno yake yakasikika wazi dirishani: "Njoo upesi, kaka. Dada yako amerudiwa."

Kaka mtu ni fundi matairi, na karakana yake iko mtaa wa pili tu. Aliingia akihema, ovaroli imejaa grisi, kwapani ana mfuko wenye kanga, mswaki na kandambili za kuvaa wodini. Akachuchumaa mbele ya dada yake.

"Dada, twende nyumbani."

"Kaka, nimekasirika."

"Sawa, dada. Twende taratibu."

"Sikiliza. Sikuugua. Nimekasirika tu, kama unavyokasirika wewe mteja akikuletea tairi limeoza akasema ulizibe."

Kaka akamtazama machoni, akaweka mfuko chini. "Nani kakuudhi?"

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akamweleza. Kaka akasikiliza, uso ukaanza kubadilika.

"Ngazi?" Akasimama, akamgeukia mkuu. "Ngazi ziko mlangoni, haziko kwa mtoto! Kwa nini msibadilishe vyumba? Kuna ugumu gani hapo?" Akapiga meza, karatasi za mtafiti zikaruka.

"Kaka, kaka, tafadhali," mkuu akasema. "Hoja yako ni nzito kweli. Karibu uketi. Mpeni mgeni chai."

Chai ikaja kwenye kikombe cha udongo. Hakuna aliyemuuliza fundi kama amekunywa dawa. Mwalimu Taratibu hakujua acheke au alie.

"Mimi nimesema nini sasa hivi?" akawauliza.

Mtafiti alikuwa akiandika mbio mbio, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, hili ni jibu la swali la saba au nianzishe jipya?"

Mkuu akakohoa, akasema suala litapelekwa kwenye kamati ya shule Jumamosi. "Na kaka yetu uje utueleze vizuri kama ulivyotueleza hapa."

Njiani kurudi nyumbani, kaka alitembea kifua mbele. "Umeona nilivyowaweka sawa?"

"Nikikuchapa na hiyo kandambili, utasema nimerudiwa?"

"Nitasema umenichapa."

"Basi Jumamosi nitaongea mimi."

"Na wakisema ni ugonjwa?"

"Waseme. Wewe utakaa nyuma, miguu umenyoosha, unakunywa chai yao. Nikipaza sauti wote watageuka kukutazama wewe, kaka yangu unayenijua. Usinyanyuke, wajue ni hasira tu. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Nisiseme kitu?"

"Hata kikohozi."

Kaka akanung'unika hadi mlangoni kwamba hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa.

Tangu siku hiyo, kila jioni shule ikishafungwa, Mwalimu Taratibu husimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma na kuanza hotuba yake. Dereva huenda hadi mwisho wa uwanja, na akisikia kila neno hunyoosha mkono. Siku ya kwanza hakusikia kitu. Jana alinyoosha mkono mapema, kisha akapaza sauti kutoka kulekule: "Mwalimu, punguza kidogo, wataogopa!"

"Sipunguzi!"

Kikao ni kesho saa nne asubuhi. Ajenda ya kwanza ni taarifa ya ukarabati wa vyoo. Ya pili ni Mwalimu Taratibu mwenyewe.