Mvua kwenye Picha ya Chumvi

Kwa miaka kumi na moja watu wa Tunduma walimwita Enesi Simbeye Mama Pasipoti, naye hakuwahi kuwasahihisha. Studio yake iko mtaa wa pili kutoka barabara ya mpakani, na wengi wanaoingia humo wana haraka: dereva wa lori ambaye hati yake imejaa mihuri, mama anayevuka kwenda kwa ndugu zake Nakonde. Enesi huwaketisha kwenye stuli, huwaambia wainue kidevu, wafumbe mdomo, wasicheke. Dakika tano, picha ziko mkononi. Nyuma ya kila picha hugonga muhuri wa mbao usemao Studio ya Hezron.

Hezron alikuwa mumewe. Alipofariki alimwachia kamera, stuli na muhuri. Kamera Enesi alikwisha kununua nyingine, stuli alikwisha kubadilisha. Muhuri hakuugusa. Picha nzuri ikitoka, watu husema Hezron alimfundisha vizuri, naye huitikia kwa kichwa, maana ni kweli. Lakini liko jambo moja ambalo Hezron hakumfundisha, kwa sababu mwenyewe lilimshinda. Ni kupiga picha ya nchi. Alikuwa akisema ukitaka ardhi utapoteza anga, na ukitaka anga utapoteza ardhi. Albamu yake imejaa vilima vya Mbozi vilivyolala chini ya anga jeupe kama karatasi.

Enesi hakulisahau neno hilo. Mwaka juzi akasoma kwamba iko dawa yake, nayo ni filta ya kioo inayopachikwa mbele ya lenzi, nusu ya juu ina giza, nusu ya chini iko wazi, ili anga kali lipunguzwe na ardhi iachwe ilivyo. Dada yake Fides, mfanyabiashara wa Nakonde, alimwagizia tatu kutoka Lusaka. Mbili zilikuwa na giza zito. Moja kati ya hizo giza lake lilikoma ghafla, kama mstari wa rula. Ya pili giza lilififia polepole, kama chai inavyopokea maziwa. Ya tatu ilikuwa hafifu mno. Fides aliiinua kwenye mwanga akasema, "Mdogo wangu, hii wametuibia. Rangi haijakolea." Enesi akaitia mfukoni mwa begi, akaiacha huko.

Alikwenda kujifunzia Itaka, kwenye mashamba ya kahawa. Ile yenye mstari ilikata vichwa vya vilima vyote, ikaviacha vyeusi kama vilivyoungua, kwa kuwa vilima havikai sawa na rula. Ile inayofifia ilimpa alichokitaka. Mawingu yakaonekana, na chini yake majani ya kahawa yakaonekana, jani kwa jani. Siku hiyo alikaa kwenye jiwe peke yake akalia kidogo, akitamani kumwonyesha mtu mmoja tu. Picha aliitundika studio. Wateja wakamuuliza ni Ulaya ya wapi.

Mtu wa kwanza ambaye hakuuliza hivyo ni Recho, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa chumvi wa Ivuna, aliyekuja kupigwa picha za kitambulisho. Aliitazama akasema hizo ni kahawa za Itaka, akauliza nani kaipiga. Enesi akasema ni yeye. Recho akamweleza kwamba kikundi kinakwenda maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Mbeya, na mwaka uliopita bango lao lilikuwa na picha ya kuokoteza mtandaoni, chumvi ya pwani, mpaka watu wakawauliza bahari ya Ivuna iko upande gani. Safari hii wanataka picha ya kwao. Kikundi kizima kitaitazama. Kisiporidhika, yupo kijana wa Mbeya mwenye kamera ya kuruka, ataitwa yeye na mashine yake. Enesi alikubali kabla mama yule hajamaliza. Moyoni alijua anachokitaka: picha moja ya nchi, kubwa, mahali pa watu wengi.

Ivuna iko bondeni, mbele ya Kamsamba, kwenye joto la Ziwa Rukwa. Kiangazi ardhi ya huko hutoka chumvi kama jasho linavyokauka shingoni. Wanawake huikwangua, huimwagia maji kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, na maji yanayodondoka huyachemsha mpaka chumvi ibaki. Udongo uliokwisha chumvi hutupwa pembeni. Umetupwa hapo tangu enzi za bibi zao, umekuwa matuta marefu kuliko nyumba.

Siku ya kwanza Enesi alimsimamisha Recho mbele ya vyungu, akapachika ile filta nzito inayofifia, ile iliyompa Itaka, akapiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera anga lilionekana zito, lenye heshima. Alirudi Tunduma akaisafisha picha kubwa, na njia nzima ya kurudi Ivuna aliipakata kama mtoto mchanga.

Wanawake walikuwa tisa. Picha ilitandazwa juu ya gunia, wakaizunguka.

"Mama Jastin," Recho alisema mwishowe, akimwita Enesi kwa jina la mwanawe, "hii mvua umeitoa wapi?"

Mwanamke mmoja akageuka akasema jamani akaanue chumvi yake, na kicheko kikapasuka. Enesi akaeleza kwamba si mvua, ni kioo kinachopunguza mwanga wa juu.

"Basi kioo chako hakijui kazi yetu," Recho alisema, bila ukali. "Chumvi ni ya kiangazi. Mvua ikidondoka tu, tumekwisha. Mtu wa Kamsamba akiona wingu hili atasema tumeokota chumvi ya watu, tukaja kuipiga picha masika. Na mimi nitazame. Mwili uko Ivuna, kichwa kimeshaingia usiku."

Ilikuwa kweli. Kichwa cha Recho kilipita juu ya mstari ambapo ardhi inakutana na anga, kikaingia kwenye nusu ya giza, na uso wake wote ukapotea. Enesi, aliyeishi kwa kupiga nyuso, alikuwa ameuzima uso ili aliokoe anga. Recho akaongeza kwa upole kwamba bango linachapwa wiki hiyo, kwa hiyo jioni atampigia simu yule kijana wa Mbeya.

Mteja akilalamika studio, Enesi humwambia picha ndivyo ilivyo. Safari hii hakusema. Aliomba apewe mpaka jua lipungue ukali. Recho akatazama jua, akakubali.

Akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu akafanya alichopaswa kufanya siku ya kwanza. Alipima mwanga wa chini peke yake, halafu wa juu peke yake. Kule Itaka majani ya kahawa ni meusi, na anga lilikuwa limeizidi ardhi kwa stopu nne, na kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu. Hapa ardhi yenyewe ilikuwa nyeupe, inarudisha jua usoni. Anga liliizidi kwa stopu moja na nusu tu. Akajionea aibu. Alikuwa ameshuka bondeni na macho ya milimani.

Akafungua mfuko wa begi akatoa ile ya tatu, ile waliyodhani wameibiwa. Alipoipachika, anga likatulia likabaki bluu, bluu ya Julai, na weupe wa chumvi ukabaki weupe. Lakini kichwa cha Recho bado kilikuwa kinapanda juu ya upeo, na uso bado uliguswa na kivuli. Akaishusha filta, ikawa vibaya zaidi. Akaipandisha, na utepe mweupe wa anga ukabaki pale chini kama bandeji. Akashika kiuno. Jambo la kubadilisha halikuwa kioo. Lilikuwa mahali aliposimama yeye.

Akatazama matuta.

"Hilo la mwisho ni la bibi yangu," Recho alisema alipoona anakotazama. "Panda, lakini usilibomoe."

Alivua viatu akapanda, kamera kifuani, udongo ukimporomoka chini ya nyayo. Vizazi vya wanawake vilikuwa vimebeba udongo ule kichwani, debe kwa debe, bila kujua unamjengea mtu ngazi. Juu kabisa aliinua macho, na upeo ulikuwa umepanda pamoja naye. Sasa ulipita juu ya vichwa vya wanawake wote tisa, na ziwa likaonekana kwa mbali kama uzi. Akateremsha filta taratibu mpaka mwisho wa giza lake ukalala juu ya ule uzi. Chini yake, nyuso zote ziko wazi. Akasubiri upepo uondoe moshi wa majiko, akapiga.

Kamera ilipita mkono kwa mkono. Recho ndiye aliyeishika muda mrefu zaidi, ameikinga jua kwa kitenge.

"Kiangazi," alisema. Akairudisha. Simu haikupigwa.

Kisha katibu wa kikundi akafungua daftari la maneno ya bango, akauliza waandike picha na nani. Enesi alijibu kama mkono wake ulivyozoea kugonga, kwamba waandike Studio ya Hezron.

"Hezron ndiye aliyepanda tuta?" Recho aliuliza.

"Hapana, mama. Ni marehemu mume wangu."

"Mungu ampumzishe. Basi aandikwe aliyepanda."

Enesi alihisi kama mtu anayehama nyumba ambayo haikumtendea ubaya wowote. Halafu akamwandikia katibu jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, asikosee.

Agosti, kwenye viwanja vya Nane Nane, bango lilikuwa na upana wa banda zima. Hakuna aliyeuliza bahari. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya rangi ya kahawa alisimama akazihesabu nyuso kwa kidole, akamuuliza Recho hapa ni Ivuna ya upande gani. Pembeni chini, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Picha na Enesi Simbeye. Enesi alijisogeza nyuma hatua kadhaa kuona maneno hayo yanasomeka mpaka wapi. Yalisomeka mpaka barabarani.

Muhuri wa mbao bado anao. Anaugonga nyuma ya picha za pasipoti tu, maana kazi hiyo ni ya Hezron kweli. Ile ya Itaka aliishusha ukutani siku aliporudi Tunduma, akaandika jina lake nyuma kwa kalamu, akaitundika tena.