Minza na Sesheni ya Mzee Seni

Minza binti Malimi ni mtu wa haraka, na Rujewa nzima inalijua hilo. Alipokuwa msichana alipita kwa majirani na ndoo kichwani, akatupa "shikamoo" moja ya watu wote, walio ndani na walio nje, halafu huyo, kashapotea. Mama yake alisema mtoto huyu ataolewa na pikipiki. Hakuolewa na pikipiki. Aliajiriwa na kampuni ya simu Iringa mjini, akapewa kazi iliyomfaa kuliko zote: kuwafungia watu wanaokawia.

Kazi yenyewe iko hivi. Chini ya mnara wa simu kule Rujewa kuna kompyuta ndogo, imewekwa karibu na watu ili picha zao zisihangaike kwenda Dar es Salaam na kurudi. Mwenye mashine ya mchele huitumia kutambua mawe kwenye punje. Daktari wa mifugo aliyeko Uyole huitumia kumtazama ng'ombe wa Usangu kana kwamba yuko naye zizini. Kila mmoja hufunguliwa sesheni, yaani nafasi yake humo ndani, na nafasi ni chache. Sesheni isiyoonesha kazi hufungwa, nafasi apewe mwingine. Aliyeamua zifungwe upesi vile ni Minza mwenyewe, na alijisifia jambo hilo mpaka kantini.

Sasa, mchana mmoja wa msimu wa mavuno, akaona namba moja inafungua sesheni, inafungiwa, inafungua tena, inafungiwa tena. Huyu anatuchezea, akasema moyoni, akasogeza kidole aizuie kabisa. Kilichomzuia ni umbea tu. Alitaka kumsikia huyo mwenye nafasi ya kuchezea mitambo watu wakiwa kazini. Akapiga.

"Shikamoo mzee. Sesheni yako..."

"Marahaba. Mmeshindaje huko?"

"Salama. Sesheni yako..."

"Na watoto hawajambo?"

"Sina watoto, mzee."

"Mungu atakupa. Na wazazi?"

Alikuwa Mzee Seni, mfugaji. Minza alivumilia mpaka jasho likamtoka, ndipo habari ikaja: ng'ombe wake amekwama kuzaa tangu asubuhi. Kila akimpata Daktari Gwakisa wa Uyole, simu ya picha inakatika katikati ya salamu. Na yeye, kama mtu aliyelelewa, akipiga tena anaanza salamu upya. Isitoshe, simu aliiweka sikioni kama simu zote zinavyowekwa. Kompyuta ikalitazama lile sikio, ikaona hapa hakuna kazi, ikafunga.

"Baba, ielekeze kwa ng'ombe kwanza. Salamu zitafuata."

"Binti, wewe umezaliwa wapi? Nimwoneshe mtu mzima makalio ya ng'ombe kabla sijamuuliza ameshindaje?"

Mzee akamweleza, taratibu, kwamba ng'ombe huyo ni wa mwisho katika uzao wa kundi alilotembea nalo toka Maswa, yeye na marehemu mkewe. Wengine wote walikwisha, kwa ukame na kwa kesi za malisho. Minza akaona aibu hasa, maana amri iliyokuwa inamuua yule ng'ombe ni yake, na aliitoa huku anakunywa soda.

Akamfungulia sesheni, akaishikilia kwa mkono. Kila kioo cha kompyuta yake kilipoonya kwamba kinaifunga, alibonyeza. Salamu zikaanza. Daktari naye Mnyakyusa, hakutaka kushindwa kwa adabu. Wakaulizana mvua, mpunga, ndizi na mashemeji. Minza akabonyeza huku anasaga meno.

Hatimaye jirani mmoja, Tekla, akapewa simu aielekeze zizini. Picha ikasafishwa palepale Rujewa, daktari akaona: mguu mmoja wa mbele wa ndama umekunjwa nyuma. Akaelekeza namna ya kumrudisha ndani kidogo, kuunyoosha, na kumvuta pale mama yake anaposukuma. Mzee akavuta.

Ndama akatoka, akalala pale chini. Hakuna aliyejongea, na kwa kuwa hakuna aliyejongea, kioo kikaonya kwamba hapa hakuna kazi. Minza akabonyeza.

"Mtie unyasi puani," alisema daktari.

Mzee akamtia, ndama asijongee. Kioo kikaonya tena, Minza akabonyeza tena. Ndama akapiga chafya.

Mzee Seni, na salamu zake zote zile, akakosa neno. Alikaa kwenye samadi, akamwekea ndama mkono shingoni, mabega yakawa yanatikisika. Iringa, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwenye mashine ya mchele, amekasirika: mbona hapati nafasi, na huyo aliyeishikilia hafanyi kazi yoyote?

"Ni kweli, hafanyi," alisema Minza, akabonyeza tena. "Subiri kidogo, kaka. Kuna mzee analia."