Jiwe la Kilo Tano

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege, na nusura asiipande kwa sababu ya jiwe.

Sisi wengine ni Wakristo wa Ipyana, watu wa mpunga na kokoa. Yeye aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu mwenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe, akasilimu, akafiwa, akabaki na dini na biashara. Alinunua mchele kwa wanawake wa Bujonde akauza mjini. Na miaka ile soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kokoa wakamiminika Kyela kila mmoja na mizani yake, yeye ndiye aliyesimama kuwatetea wakulima. Silaha yake ilikuwa jiwe la mtoni, jeusi na laini, la kilo tano kamili. Mnunuzi alipotundika mizani, mama mkubwa alilitoa jiwe kikapuni akalipima mbele ya watu. Mizani ikisoma pungufu ya tano, mnunuzi huyo aliondoka Ipyana akiwa ameelezwa tabia za ukoo wake wote. Na yeye mwenyewe, alipopima mchele wa Bujonde kwa mizani yake ya mti, upande mmoja ulikaa mchele na upande wa pili jiwe hilohilo.

Mwaka aliokwenda Hija, mvua za masika zilikuwa zimekata barabara ya Dar es Salaam, na kundi lake la mahujaji lilikuwa liruke kesho yake kwenda Jidda. Ikabidi apande ndege ndogo kutoka Mbeya, mojawapo ya zile za watu binafsi zilizoanza kuonekana msimu mmoja na wanunuzi wa kokoa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa niliwahi kuona ndege ikitua, nikateuliwa kuwa mtaalamu wa safari.

Kabla ya kuondoka alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, maana mtu haendi Makka na haki ya watu shingoni. Alikwenda Ipyana, Bujonde, hata Lyulilo kwa wauza vyungu. Kila nyumba ilimsamehe na kumpa mchele. Kwetu msafiri hatoki mikono mitupu, na hakuna aliyeamini kwamba Waarabu wana kitu cha maana cha kula.

Ndege ilikuwa ndogo kiasi kwamba abiria nao walipimwa pamoja na mizigo yao. Karani wa uwanja, kijana mpole mwenye tai, alisoma mizani akakuna kichwa.

"Mama, umezidi kilo kumi na tano."

Nilijua kitakachofuata. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nimezidi kwa mizani ya nani?" akauliza, akainama kwenye begi, akatoa jiwe.

"Mama, unabeba jiwe kwenda Makka?"

"Kwani huko hawauzi vitu kwa kilo?"

"Wanauza, mama. Lakini mawe yapo."

Jiwe likapandishwa. Mshale ukasimama kwenye tano na nusu.

"Mmeona!" Akawageukia abiria wenzake. "Wanawaibia mpaka wanaokwenda angani!"

Abiria, ambao ghafla waliona kwamba nao wameonewa, wakadai wapimwe upya. Karani hakubishana. Aliingia ndani akarudi na kipimo cha chuma chenye mhuri wa serikali, kilo tano. Akakiweka. Mshale ukasimama kwenye tano. Akaweka jiwe. Tano na nusu. Akarudisha chuma. Tano.

Mama mkubwa akakaa chini palepale, juu ya mchele wake.

"Jiwe hili nililipimia wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Sote wawili tulijua. Alilipima kwa mnunuzi wa kwanza kabisa kufika Ipyana, bwana aliyetusalimia "ugonile" kwa lugha yetu vizuri kuliko sisi wenyewe, na kwa hiyo akaaminiwa. Mizani yake ndiyo iliyokuwa ikimeza nusu kilo. Miaka yote hiyo mama mkubwa alikuwa akitembea na kipimo cha mwizi. Wezi wa nusu kilo aliwapitisha kwa heshima zote, na kwa kila kilo tano alizonunua Bujonde alichukua nusu ya bure.

Propela zikaanza kuzunguka.

"Siendi," akasema. "Walinisamehe jambo wasilolijua. Hiyo si radhi."

Kusema kweli nilimkasirikia. Safari hiyo aliahidiana na marehemu mumewe, na alikuwa ameisubiri tangu amzike. Nikamshika bega. "Mama mkubwa, panda ndege. Mchele huu naupeleka Bujonde mimi, na ukweli nitausema."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba."

Aliniachia mchele wote pamoja na jiwe. Akapimwa tena, akapanda ngazi akilia. Na mimi nililia.

Wiki iliyofuata nilizunguka Bujonde, mwimba kwaya mzima, nikitubu kwa niaba ya hujaji. Wanawake walinisikiliza wamekaza nyuso, wakapokea mchele wao. Nyumba ya mwisho, bibi mmoja aliyemuuzia mama mkubwa tangu mwanzo alilipakata lile jiwe, akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Mwanangu, tulijua. Mchele ulikuwa unaondoka mwingi mno. Ndiyo maana tukaanza kumchanganyia chenga, zile punje zilizovunjika. Mwambie tumesamehe, na yeye atusamehe." Fungu lake akanirudishia, akaongeza lingine juu. "Ndaga fijo, asante sana. Huu ni wa pilau akirudi. Hauna chenga."

Simu ya kumpa habari haikuwepo. Aliporudi, mbele ya mizani ileile, aliniuliza kabla ya salamu, "Walisemaje?"

"Wamesamehe wote."

Akafunika uso kwa mtandio. Garini aliniambia kwamba uwanjani Arafa aliwaombea wanawake wa Bujonde kwanza, mmoja mmoja kwa jina, ndipo akajiombea mwenyewe. Basi nikamweleza na habari ya chenga.

Akageukia dirisha. Tukapita Tukuyu. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kyela akanigeukia.

"Chenga kiasi gani?"