Basi Lilipohamia Kulala Homa Bay

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu nikaachia hapo, na sioni haya kusema. Mabasi mawili niliyokuwa nayo miaka ya tisini sikupewa na mtu. Nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli pale Rodi Kopany, nikawa utingo, nikawa dereva, mwisho nikawa mwenye gari. Basi moja lilikwenda Homa Bay mpaka Migori kupitia Rongo. La pili, lile kuukuu, lilikuwa la Kisegi, alikozaliwa mke wangu.

Hilo la Kisegi lilikuwa linalala huko huko. Wasiojua kazi hii hudhani basi ni kwenda na kurudi tu. Sivyo. Uliza kwanza linalala wapi. Likilala Kisegi, linatoka saa kumi alfajiri na saa mbili liko Homa Bay. Mtu anauza samaki wake wabichi, anapita hospitali, na saa nane mchana anapanda kurudi nyumbani. Watu wa kule waliliita "basi letu". Niliwaacha waite, ingawa kila msumari wake nilinunua mimi.

Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, mjane, Msabato, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Kila Jumanne alikuja kliniki Homa Bay wakamwosha, wakamfunga, wakampa dawa. Kadi zilipokelewa asubuhi tu. Ikifika saa tano karani anafunga dirisha. Kwa basi lile aliwahi kila mara, na daktari alisema kidonda kimeanza kufunga.

Kisha mambo yakakaza. Shilingi ilianguka, dizeli ikapanda, springi moja ikawa bei ya ng'ombe. Kisegi nililipa chumba cha dereva na kondakta, nikalipa askari wa kulinda, na bado watu walininyonyea dizeli kwa mpira. La Migori lilikuwa linajaa, lakini viti vyake vilichanika na wenzangu walikuwa wameleta magari mapya. Nilipiga hesabu kichwani siku mbili. Nikaamua la Kisegi lilale Homa Bay, uani kwangu. Litoke saa kumi na mbili asubuhi, lifike saa nne, ligeuze, lirudi mjini saa nane. Kitakachobaki kishone viti vya la Migori.

"Sasa mama atafikaje kliniki?" mke wangu akauliza.

"Aje Jumatatu. Alale mjini."

"Na Jumanne basi linaondoka kabla hajaonwa. Kwa hiyo alale tena mpaka Jumatano. Alale wapi, mzee?"

"Hapa. Nyumba si ina vyumba vitatu?"

Aliweka ungo chini. "Umerogwa? Mama yangu alale chini ya paa la mkwe wake?"

Nilijua. Mjaluo gani asiyejua? Mama mkwe, tunamwita maro, anaweza kufika kwako mchana kwa heshima zake na kuondoka. Kulala, hapana. Nilisema hivyo ili maneno yaishe.

"Basi alale ndani ya basi."

"Na basi ni la nani?"

"Wewe unataka nifunge kazi kwa sababu ya mguu mmoja?"

Neno hilo lilitoka na sikulirudisha. Mke wangu alichukua ungo wake akaenda kupepetea nje.

Viti vya Migori vikashonwa, vyekundu, vyenye sponji mpya. Abiria wakanisifu. "Mzee, hapa mtu analala usingizi mpaka Rongo!" Nilitembea pale stendi kifua mbele.

Mama alijaribu. Mke wangu alimwombea mama malazi kwa jirani yetu, akalala huko majuma mawili, kisha jirani akahamia Migori. Nikasema nitalipia gesti. Mama akajibu kupitia binti yake kwamba hatalala nyumba yenye baa chini. Juma lililofuata alilala kwenye benchi la baraza ya hospitali, na ilikuwa majira ya mvua. Jumanne jioni dereva wangu, mtu mwenye huruma kuliko mimi, akaenda kumchukua akamleta mpaka langoni kwangu.

"Nilimwambia, Mama, panda ulale ndani, nitakufungulia," alinieleza kesho yake. "Akaniuliza hili gari limelala kwa nani. Nikasema kwa mzee. Akasema, 'Asante mwanangu, nirudishe kwenye benchi.'"

"Nawe ukamrudisha?"

"Ningefanyaje? Nimbebe kwa nguvu? Wewe ndiye mkwe."

Juma lililofuata hakuja, wala lingine. Tulisikia anaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Ningeweza kurudisha basi Kisegi. Nilifikiria, kisha nikafikiria wale watakaocheka kwamba fulani ameshindwa na mipango yake, nikaliacha lilale uani kwangu. Kilipoanza kunuka, shemeji zangu walimleta kwa basi langu hilo hilo. Lilifika saa nane mchana, kama nilivyopanga. Hospitali wakamlaza, wakakata chini ya goti.

Mvua ile ikala barabara. Basi la Kisegi likavunja springi mara mbili kwa mwezi mmoja, nami nikaliondoa njiani kabisa. Nikalikongoa, spea zikaenda kwenye la Migori.

Mama alipotoka hospitali tukakodi pikapu ya watu kwenda Kisegi kumpa pole. Nilivaa koti. Alikuwa ameketi mlangoni, gongo la kutembelea likiegemea ukuta. Alinipokea kama mkwe anavyopokewa: nikapewa kiti kizuri, kuku akachinjwa, habari za watoto zikaulizwa mmoja mmoja. Mguu haukutajwa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata majibu nilikuwa nayo. Hakunitukana.

Tulipokaribia kuondoka akamgeukia mke wangu, kwa sababu mimi hakuniangalia usoni.

"Muulize mkwe wangu, wameniambia nirudi Jumanne wakanipime gongo jingine, hili ni refu. Basi siku hizi linapita saa ngapi?"

Mke wangu akanigeukia.

"Halipiti tena, Mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akalilaza gongo mapajani, akaomba msumeno wa jirani.